Msumeno wa Mzee Mirumbe

Nyatichi akitoka shule hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia sokoni Uriri, kwenye kibanda cha mabati ambacho watu wote walikiita "kwa Mama Nyatichi". Naam, jina lake mwenyewe! Mama yake aliitwa Mong'ina, lakini nani alijali? Mwenye msumeno uliogoma aliambiwa tu, "Peleka kwa Mama Nyatichi," naye Nyatichi akisikia hivyo kichwa kilimvimba kidogo.

Kibandani mlijaa misumeno ya mnyororo, ile inayonguruma kwa petroli, ambayo watu wa sokoni huiita pawa. Mama hakuvutiwa na mipya. Alipenda mikongwe iliyoota kutu, ambayo hata kiwanda kilichoitengeneza kilishaisahau. Vipuri vyake havikupatikana dukani. Ilibidi visakwe kwa miguu, leo Migori, kesho Rongo, keshokutwa kwa wauza vyuma chakavu wa Homa Bay.

Mezani palikuwa na msumeno wa Mzee Mirumbe, mtengeneza mashua wa Muhuru Bay. Marehemu baba yake ndiye aliyeununua, nao ndio uliopasua mbao za mashua yao ya kwanza. Tangu baba azikwe, msumeno ulikuwa kimya. Mzee aliuleta umefungwa kwenye blanketi, akauweka mezani taratibu.

"Mama Nyatichi," alisema, "nataka niisikie tena sauti yake. Hata mara moja tu."

Mama alizunguka sana akitafuta pistoni ya kuuingia, mpaka akaipata Rodi Kopany, kwenye stoo ya vipuri ya Mzee Mohamednur. "Nyingine sina, na sijui aliye nayo," Mohamednur alimwonya. "Ukiiharibu hii, tutabaki kusimuliana hadithi."

Ijumaa alasiri msumeno ulikuwa umekamilika, umebaki mnyororo wake wenye meno, uliokuwa ukining'inia ukutani. Mama alichukua kikapu akanunue mboga kabla jua halijatua. Kwao Sabato huanza Ijumaa jua likizama, na spana haiguswi mpaka jua la Jumamosi lizame pia.

"Jumapili Mzee anakuja," alisema. "Wewe ndiwe utakayevuta kamba ya kuwashia mbele yake. Lakini leo usiuguse mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama!" Nyatichi nusura aruke kwa furaha. Yeye, mbele ya watu!

Mama hajafika mbali, akaja Omanga, binamu yake Nyatichi, mtoto asiyekosa la kusema. "Na je, Jumapili ukivuta ukose kuwaka? Aibu gani hiyo! Jaribu mara moja tu tusikie."

Mikono ilimwasha Nyatichi. Alitazama kopo la petroli iliyochanganywa na oili, akalikuta tupu. Kando yake palikuwa na chupa ya petroli ya kuoshea vyuma, nyeupe kama maji.

"Petroli ni petroli," akasema Omanga.

Nyatichi alijua si kweli. Mama alikuwa akimwimbia kila siku kwamba msumeno huu hunywa oili ndani ya petroli yake, na usipoinywa, chuma hula chuma. Lakini alijiambia, kidogo tu, nani atajua? Akamimina. Akavuta kamba.

Ulinguruma! Wote wawili wakarukaruka wakishangilia. Kisha sauti ikabadilika, msumeno ukalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, ukazimika. Nyatichi alivuta tena, kamba ikawa nzito. Akaiachilia.

"Mimi sikuwapo hapa," alisema Omanga, akatoweka.

Mama aliporudi jua lilikuwa limekaribia kuzama. "Kila kitu sawa?" aliuliza huku akifunga mlango. "Sawa," alijibu Nyatichi bila kuutazama msumeno.

Ilikuwa Sabato ndefu ajabu! Kanisani aliimba bila kusikia anachoimba. Chakula cha mchana kilikuwa chapati, nazo hakuzigusa. Aliwaza kwamba akinyamaza, pengine msumeno ungewaka Jumapili, Mzee angeondoka nao, na ukifia huko Muhuru, nani angemlaumu mtoto? Lakini kila alipowaza hivyo, aliliona lile blanketi.

"Mama," alisema mwishowe, machozi yakimlengalenga, "niliwasha msumeno wa Mzee. Nilitia petroli bila oili."

Mama alimgeukia. "Ulipozimika, uliendelea kuvuta?"

"Mara moja tu. Kamba ilikuwa nzito, nikaacha."

"Afadhali," Mama akashusha pumzi.

"Twende tuufungue sasa hivi, Mama!"

"Leo ni Sabato. Spana zimepumzika. Utangoja mpaka kesho, na kungoja huko ndiko adhabu yako."

Kweli, hakuna kiboko ambacho kingemchapa zaidi kuliko kule kungoja.

Jumapili alfajiri waliufungua. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo, ila haikuchimba ndani sana. Ringi yake, ule mkanda mwembamba wa chuma unaoizunguka, ilikuwa imekwama, na walipoitoa ikavunjika. Nyatichi aliisugua pistoni kwa msasa laini mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha wakaibeba silinda mpaka Rodi Kopany.

"Haya! Mmeshaimaliza?" Mohamednur alishangaa.

Mama alifungua kinywa, lakini Nyatichi alimtangulia. "Ni mimi, Mzee. Nilitia petroli bila oili."

Mohamednur alimtazama, akaburuta sanduku lililojaa ringi za zamani zilizochanganyika. "Aliyevunja na atafute."

Nyatichi alipiga magoti. Alitia ringi moja moja ndani ya silinda, akaiinua kwenye mwanga. Hii inacheza. Hii haiingii. Hii imepinda. Sanduku lilikuwa linakaribia kwisha alipopata moja iliyokaa kimya, ncha zake zikiachana kidogo tu, kama inavyotakiwa.

"Mama! Hii hapa!" Alipiga kelele hata Mohamednur akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Alasiri Mzee Mirumbe alifika, blanketi begani. Nyatichi alimwamkia, akamweleza yote mbele ya Mama bila kuficha, hata Omanga alivyosema hakuwapo. Mzee alikunja uso.

"Sasa msumeno una oili?"

"Unayo, Mzee. Nimechanganya mwenyewe, na Mama amekagua."

"Basi vuta, mwanangu."

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, ukakohoa. Mara ya tatu, msumeno ukanguruma sokoni kote! Kuku wakatimka, wauza ndizi wakapiga vigelegele, na Mzee Mirumbe akacheza huku akipangusa macho. "Ni yenyewe!" alisema. "Ndiyo sauti ya nyumbani kwetu!"

Omanga naye akachomoza kutoka nyuma ya kibanda. "Tumeutengeneza!"

Mama alicheka, kisha akamshika Nyatichi bega. "Ungeninyamazia, leo ungewaka kidogo na kesho pistoni ingeganda kabisa, na nyingine hatungeipata. Mficha maradhi kilio humfichua, mwanangu. Kosa ulilolisema mapema tumelitengeneza kwa msasa na ringi moja. Na nimefurahi kwamba hukungoja kuulizwa mara ya pili."

Akamgeukia Omanga, akampa ufagio. "Wewe hukuwapo Ijumaa, sivyo? Basi leo uwepo. Anzia pale mlangoni."