Aliyemlisha Furukombe

Mabwana na mabibi mlioipamba baraza hii kwa kuketi, niazimeni masikio yenu. Nitayarejesha yakiwa mazito kuliko nilivyoyapokea.

Miaka michache kabla ya Uhuru, palikuwa na mpiga picha mjini Mwanza, jina lake Muhidin. Siku za kazi aliwapiga picha maharusi na makarani. Ijumaa, baada ya sala, alitwaa kamera yake akaufuata ufuko wa ziwa kuelekea Nyegezi, kutafuta ndege. Aliwapata yangeyange, akawapata mnandi wakianika mbawa, hata pongo aliyeshuka kunywa maji. Furukombe tu, yule tai mla samaki, ndiye aliyemshinda. Basi akazua hila. Kila Ijumaa alimwekea samaki, ningu mbichi, juu ya jabali moja, kisha akajificha mateteni na kusema kwa upole, "Karibu bwana, ule." Ndege akazoea, akawa anatua karibu zaidi, hata siku moja Muhidin akampata kama alivyotaka.

Picha ilipotoka kwenye dawa, jabali lilikuwapo, matete yalikuwapo, na ningu alining'inia hewani, amekunjika katikati kama aliyebanwa. Ndege hakuwapo.

Muhidin aliichana. Ijumaa iliyofuata hakwenda, wala ile ya baadaye.

"Umeleta samaki?" akauliza mkewe, Sihaba, akinusa mlangoni pa chumba cha giza.

"Sijaleta."

"Basi nani amevua humu ndani?"

Shombo ile ikatoka chumba hicho cha kusafishia picha ikatanda nyumba nzima, na mchana wa jua kali zikasikika kucha zikikwaruza bati la paa taratibu, zikimwandama Sihaba, akienda jikoni zinakwenda jikoni, akirudi zinarudi, hadi zikasimama juu ya kitanda cha mtoto wao mchanga, na mama alipoifunua shuka akakuta magamba mabichi yametapakaa kifuani mwa bintiye, na shavuni mchubuko mwembamba, kana kwamba kitu kimeonja tu, kikaahirisha.

Wakamwendea Mama Shimba, mganga wa Usagara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulimlisha?"

"Nilikuwa namvuta ndege, mama, nimpige picha."

"Nakuuliza kulisha, unanijibu picha. Ulimkaribisha kwa mdomo?"

Muhidin akainama. "Nilimwambia karibu."

"Siku ileile, jiwe lilelile, na karibu juu yake. Wenzako wakianza tambiko la namna hiyo hawaliachi mpaka kaburini. Wewe umemzoesha, kisha umemnyima. Sasa anajichagulia chakula." Akamtazama mtoto, akashusha sauti. "Kesho mchana nendeni wote watatu. Mwambie humlishi tena. Atawaita. Asiitike mtu, hata akiitwa kwa sauti ya mzazi wake. Atakayeitika ndiye mlishaji."

Wakaenda. Upepo ulikuwa umekufa, na maji yalilala chini ya jabali bila kulamba jiwe.

"Sikulishi tena," alisema Muhidin.

Kisha, kutoka juu ya jabali pasipo na mtu, kikashuka kilio cha kichanga, kilio cha binti yao hasa, kikavu kwa njaa, kikipanda na kukatika na kupanda tena, na Muhidin akauma mkono wa kanzu yake asitoe neno, na Sihaba, ambaye alimsikia mwanawe akipumua usingizini mgongoni mwake, ambaye alijua, alijua kabisa, alihisi maziwa yakimlowesha kifua, na ulimi ukaitangulia akili.

"Nipo, mwanangu," alisema. "Mama nipo."

Kilio kikakatika.

Shombo haikurudi nyumbani. Mchubuko ulipona, na binti akakua mwenye afya, akaolewa. Muhidin alifariki; kamera iliuzwa. Ila kila Ijumaa, jua au mvua, hununuliwa ningu mmoja mbichi sokoni, asiyekatwa wala kuparwa magamba.

Aliyenisimulia kwanza ni Bi Sihaba mwenyewe, kapu mkononi, bila kusimama, kwa maana siku hiyo alikuwa amechelewa.