Swali la Mara ya Tatu

Mwalimu wa redio alivua hedifoni sikio moja, akamtazama Chiriku.

"Chumbani ulikuwa na nani?"

"Na mama tu, mwalimu."

"Mama namsikia, yuko kwa mbali, anasogezasogeza kiti. Huyu mwingine anayepumua hapa kwenye maiki ni nani?"

"Si mimi huyo?"

"Wewe unapumua kwa pua. Huyu anapumua kwa mdomo."

Chiriku alicheka, lakini kicheko kilimkauka. Jina la Chiriku alibandikwa na wenzake siku ya kwanza chuoni, kwa sababu aliwazidi umri kwa miaka kumi na maneno kwa mia. Kabla ya hapo alikuwa kwenye kibanda cha fotokopi, akitoa nakala za vyeti vya watu, mpaka siku moja akachoka kushika vyeti vya wengine. Chuo cha jamii kilikuwa mtaa wa pili tu. Akajiandikisha uandishi wa habari na utangazaji.

Zoezi la kufunga muhula lilikuwa mahojiano ya dakika kumi na mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote. Chiriku hakwenda mbali. Mama yake alikuwa mkunga mstaafu, na nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiwa haijafumbua macho. Mwisho wa mahojiano kila mwanafunzi alitakiwa arekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya, ili apate cha kuzibia mishono ya sauti wakati wa kuhariri. Ndani ya nusu dakika hiyo ndimo mtu alimokuwa akipumua, polepole, kama anayengoja zamu yake.

Saa nane mchana Chiriku aliingia studio peke yake kuhariri. Zamani ilikuwa stoo. Kuta zilibandikwa trei za mayai, dirisha halikuwepo. Aliposikiliza mara ya kwanza, alihisi sauti ya mama imefifia. Akadhani ni betri. Mara ya pili ile pumzi ilikuwa imetoka mwishoni, imejipenyeza katikati ya maneno ya mama. Na chumba kikaanza kunuka maji ya moto, sabuni na damu mbichi.

Jioni alimkuta mama sauti imekwaruza. "Mafua haya," mama alisema. Kesho yake, Chiriku aliporudi kuhariri tena, nyumbani mama akawa ananong'ona. Siku ya tatu alifungua kinywa kumwitikia jirani na hakikutoka kitu. Daktari alimmulika kooni kwa tochi. "Koo zima kabisa," alisema, akabaki anakuna kidevu.

Siku hiyo Chiriku alirudi studio, akasogeza rekodi mpaka dakika ya saba, pale mama alipokuwa amesema, "Hilo usiniulize." Maneno hayo hayakuwepo tena. Mahali pake, kwa sauti ya mama yake mwenyewe, tamu na changa kuliko alivyowahi kuisikia, palisemwa, "Niulize mimi."

Mtaani kwao kulikuwa na mama mmoja mfupi, mshona magodoro, ambaye watu wenye mashetani walipelekwa kwake kwa kificho. Alisikiliza habari yote huku akitia uzi kwenye sindano.

"Mama yako ulimuuliza nini?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Habari ya mtoto wa yule mama fundi cherehani wa mtaani kwetu. Yule aliyezaliwa maiti mikononi mwa mama. Wako watu walisema walisikia kilio."

"Akakujibu?"

"Alikataa. Nikamuuliza tena. Nikamuuliza mara ya tatu. Chuoni wanatufundisha tusikate tamaa upesi, shangazi."

Mshona magodoro aliweka sindano chini. "Ulilitupa swali, mwenyewe hakulitaka, likaokotwa. Vyumba vya uzazi vina majini yake, mwanangu, yanakaa humo kusikiliza, na mengine humfuata mkunga mpaka kwake. Sasa nenda palepale jini hilo linaposemea. Tamka mara tatu kwamba swali umelirudisha, kisha ufute kila kitu. Litakupa jibu tu, halina budi. Pengine kweli, pengine uongo, hutajua kamwe. Ila usiliulize neno la pili. Ukiuliza tu, sauti ya mama yako umeiaga."

Wakamkalisha mama kwenye benchi la korido ya chuo, nje ya studio, mshona magodoro akamshika mkono. Chiriku akaingia, akafunga mlango, akavaa hedifoni.

"Nimelirudisha swali langu," alisema, na taa ikafifia. "Nimelirudisha swali langu," alisema tena, na harufu ile ikapanda ikamjaa mdomoni kama amekunywa, na trei za mayai ukutani zikaanza kutuna na kunywea, zikituna na kunywea, ukuta mzima ukivuta pumzi kwa mdomo, na kitu chenye joto kikamlalia shingoni kama shavu la mtu, na alipovuta hewa ili atamke mara ya mwisho, katika mwanya huo mdogo, sauti ya mama yake ikamwambia sikioni, taratibu, kwa huruma:

"Alilia."

Neno likamjia Chiriku kwenye ulimi: Kisha? Aliling'ata mpaka akaonja chumvi ya damu. Kitu kile kikangoja. Kilijua anataka. Machozi yalimtoka kwa kutaka.

"Nimelirudisha swali langu," alisema, akafuta.

Kimya. Halafu kutoka koridoni, kikohozi, na sauti ya mama ikilalamika, "Benchi gani hili, litanivunja kiuno!"

Usiku ule, wakiwa wawili, mama alimuuliza, "Lilikwambia nini huko ndani?"

"Halikusema kitu, mama."

"Afadhali," mama alisema, na hakumtazama.

Habari za kupona zilienea upesi. Asubuhi fundi cherehani alikuwa wa kwanza kubisha hodi, amebeba gauni alilomshonea mkunga, la kitambaa laini, kola imedariziwa kwa mkono. Alikaa kitandani kando yake, wakacheka, wakasimuliana mambo ya mtaa. Kisha akaichukua mikono ya mama yake Chiriku, akaipakata mapajani mwake.

"Mikono hii," alisema. "Mwanangu hapa duniani hakushikwa na mtu mwingine ila wewe. Siku zote najiambia, angalau alishikwa na mtu mwema."

Mama hakusema neno. Sauti alikuwa nayo. Aliinua macho, akakutana na ya Chiriku aliyesimama mlangoni na sinia la chai, na Chiriku akaona kwamba mama anajua bintiye alilisikia jibu.

"Mbona umesimama, binti?" fundi cherehani alimwambia. "Njoo ukae nasi."