Mgeni wa Kwenye Kanda

Ningrum alikuwa ameikalia sufuria ya watu miezi miwili, na siku alipokumbuka kuirudisha, jua lilikuwa limeshakaa juu ya mashamba ya mpunga, jekundu kama limechokozwa.

"Mas, ipeleke kwa Bu Jumeri kabla ya adhana," alimwambia mumewe Gandung, akimwita Mas, yaani kaka, kama wanavyoitwa wanaume kwetu. "Na usikae huko kupiga soga. Mdundo wa saba nimeumaliza, nakungoja uje uchane."

"Azime mke, abebe mume," Gandung akalalama, lakini sufuria aliichukua. Mji wetu mzima wa Bantul unajua nani anatawala nyumba ile.

Gandung alikuwa mwana hip hop. Albamu zake mbili za kwanza zilisikilizwa na ukoo wake tu, na hata humo kwenye ukoo kuna shangazi aliyeziruka. Hii ya tatu walikuwa wanaitengeneza wenyewe, yeye na mkewe, ndani ya banda la kuku la zamani lililobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Yeye anaandika mistari na kuichana, Ningrum anapika midundo. Miezi saba. Banda lile bado lilikuwa linanuka kuku mvua ikinyesha.

Bu Jumeri, mama mjane wa mpiga ngoma wa gamelani, muziki wetu wa kale wa upatu na ngoma, alipokea sufuria, akaichungulia ndani kama imeoshwa, kisha akamsukumia Gandung boksi la kanda za zamani.

"Chukua, Mas. Panya wananitafunia, na mashine ya kuzichezea sina."

Gandung karibu ambusu mkono. Kanda za gamelani! Ningrum angezikatakata, atoe vipande vya midundo humo. Lakini Bu Jumeri alikuwa ameshika kanda moja pembeni, haina jina, haina picha. Aliigeuza. Akainusa.

"Hii..." alisema. Kisha akaitupia boksini. "Nayo iende. Bora itoke."

Akafunga mlango. Hakumuaga. Gandung alibaki ngazini ameduwaa. Mtu wa Bantul amfungie mgeni mlango bila kumuaga? Hata mwizi tunamuaga.

Bandani, ile isiyo na jina ndiyo waliyoicheza kwanza. Si ndivyo tulivyo binadamu?

Alikuwa mwanamke anaimba. Peke yake, bila hata chombo kimoja nyuma yake. Sauti nyembamba, inapanda, inapinda, inashuka mahali usipoitegemea. Ningrum alifumba macho, mkono ukaenda wenyewe kwenye kompyuta, akaanza kurekodi. Gandung alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni na daftari lake.

Wimbo ukaisha. Mwanamke akakohoa kidogo. Halafu akasema neno moja, polepole, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya watu:

"Monggo..."

Sasa, kwetu, apitaye mbele ya baraza husema hivyo: monggo, nipisheni, napita. Na aliyekaa barazani humjibu: mampir! Pita ndani! Ni adabu tu. Hakuna anayemaanisha. Ukiingia kweli, mwenye nyumba atakuchekea huku anajiuliza sukari ipo au haipo. Ndiyo maana neno lile linatoka mdomoni kabla ya akili kuamka, na Gandung, mtoto aliyelelewa, likamtoka, tena na Mbah ya heshima, kama unavyomwita bibi.

"Mampir, Mbah!"

Ningrum aliruka kitini. "Hiyo hiyo! Usirudie, imeingia! Mas, hicho ndicho kiitikio chetu!"

"Nimemjibu kanda," Gandung akacheka. "Sasa ndiyo nimekuwa kichaa."

Nje, adhana ya magharibi ilianza.

Kanda ilikuwa bado inazunguka. Ssssss... Kisha ndani ya ule mvumo kukaja kitu. Ko. Ko. Ko. Viatu vya mbao juu ya changarawe. Mbali. Halafu si mbali sana.

"Zima," Gandung alinong'ona.

Ningrum akabonyeza. Kanda ikasimama.

Hatua zikaendelea.

Zilikuwa nje ya banda. Zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Kukaingia harufu ya tambuu iliyotafunwa, na chini ya tambuu, harufu ya tope la mfereji.

"Paka huyo," alisema Gandung.

"Paka avae viatu vya mbao?"

Walipofungua hapakuwa na mtu.

Mtu mwenye akili angeufuta wimbo ule. Lakini wewe hukuusikia. Ulikuwa mzuri, bwana. Mzuri wa kukutoa kitandani.

Albamu ilipotoka, wimbo wa saba ulienea kabla ya wiki kuisha. Mafundi pikipiki waliupiga. Wauza tambi waliupiga. Wanafunzi barabarani, yule bibi kwenye spika akisema "Monggo...", wote kwa pamoja: "Mampir, Mbah!" Ikawa mchezo. Waandishi wa Jakarta, ambao Bantul hawaijui hata kwenye ramani, wakaandika kwamba kijana huyu ameipatia hip hop bibi. Yule shangazi aliyeruka albamu mbili akaanza kusema amemlea Gandung kwa mikono yake. Tamasha likapangwa, uwanja wa wazi, Jumamosi alasiri, watu elfu kumi na mbili.

Kisha zikaanza meseji.

"Kaka, jana magharibi kuna mtu kagonga kwangu. Nani kakupa anwani, hahaha!"

"Kaka, kwangu kiti kimelowa."

"Kaka, mama yangu hajasema neno tangu juzi. Hospitali hawaoni kitu."

Hiyo ya mwisho Gandung aliisoma mara tatu. Wasikilizaji wengine wakadhani ni mbinu ya kuuza albamu, wakaanza kutunga za kwao, zikawa nyingi, za kweli na za uongo zikachanganyika, na kila aliyesoma akaenda kuutafuta wimbo. Ningrum aliufuta kwenye kurasa zao za mtandao. Haikusaidia. Ulikuwa kwenye simu za watu tayari, kama upele.

Nyumbani, hua wa marehemu baba yake Gandung ndiye aliyeanza. Aliamka asubuhi, akavimbisha koo, akafungua mdomo.

Kimya.

Wakasema mafua ya ndege.

Jumatano jioni Gandung alimkuta binti yao Lintang barazani. Mtoto wa miaka minne, mdomo haupumziki, anayesimulia hata ndoto za paka. Alikuwa amekaa sakafuni, mikono mapajani, ameelekea kiti cha wageni kilichokuwa kitupu. Chini ya kiti palikuwa na dimbwi dogo la maji ya tope.

"Nduk, mwanangu, umemkaribisha nani?"

Lintang akageuka. Akafungua mdomo amweleze baba yake yote. Midomo ilicheza, ulimi ulicheza, macho yakamtoka kwa juhudi. Hakukutoka kitu. Hata kulia alilia bila sauti, na hicho ndicho Ningrum anasema hatakisahau mpaka kaburini: kifua cha mtoto kinaruka, machozi yanamwagika, na nyumba kimya.

Daktari alimulika koo. Safi. Akawapa dawa ya kikohozi.

Alhamisi Gandung alikwenda kwa Bu Jumeri. Mlango haukufunguliwa, alizungumza naye kwenye ufa wa dirisha.

"Nimeusikia wimbo wenu," mama alinong'ona. "Nilijua ni yeye kabla hajafika nusu."

"Ni nani, Bu?"

"Suwarsih. Aliimba na marehemu mume wangu. Tukasema analala na nusu ya wapigaji. Tukasema... Mimi nilisema kuliko wote. Tukakubaliana wanawake wa njia hii: akipita asijibiwe. Mwaka mzima, Mas. Anasema monggo, sisi tunaangalia miguu yetu. Jioni moja mvua ilikuwa kubwa, mfereji umefura. Akapita nyumba kwa nyumba. Monggo... Monggo... Alitaka mtu mmoja tu amwambie mampir, ajibanze mvua ipite. Nyumba kumi na moja. Mimi ndiye wa kumi na moja. Nilikuwa nimekaa hapo ulipokanyaga, na tuliangaliana."

"Wakamtoa mferejini?"

"Asubuhi."

"Na kanda, Bu? Mzee aliirekodi lini?"

Bu Jumeri alicheka, kicheko kibaya kisicho na meno. "Mume wangu alimtangulia mwaka mzima. Kanda niliiokota barazani siku tuliyotoka kumzika Suwarsih. Usiniulize. Sijawahi kuicheza."

"Anataka nini kwa mwanangu?"

"Yule ni mgeni, kijana. Amekaribishwa. Na mgeni wetu haondoki hajanywa, wala hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie kunywa. Nyie mmemwita, mkamwacha kitini na koo kavu, mkaendelea kucheza. Basi anajichukulia kilichopo kooni kwa watu."

"Nikimwambia anywe?"

"Atakunywa chako, kwa kuwa umempa wewe. Cha mtoto atakiacha."

"Una hakika?"

"Hakika nitaitoa wapi? Mimi sikumkaribisha."

Dirisha likafungwa.

Usiniulize walivyobishana mume na mke. Ningrum alilia, akatukana, akasema acha akae yeye kitini. Gandung akamwambia kiitikio si chake.

"Miaka kumi na mitano, Mas! Umejijenga kwa koo hilo hilo!"

"Na Lintang ana minne."

Ijumaa, jua linazama, walimlaza mtoto ndani. Gandung akaandaa chai ya moto kwenye glasi ya wageni, ile yenye kifuniko, akaiweka mezani barazani. Akakaa. Mkabala naye, kiti kitupu.

Adhana ikapita.

Ko. Ko. Ko.

Tambuu. Tope.

Kiti kikalia kidogo, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mwepesi. Tone likaanguka chini yake. Jingine.

Gandung, ambaye kwenye nyimbo zake alimtukana kila mkubwa wa nchi kwa lugha ya vijiweni, alikunja mikono, akainamisha kichwa, akatafuta Kijawa cha juu, kile cha wakwe na wafalme.

"Samahani kwa kukuweka, Mbah. Karibu. Kunywa."

Kifuniko hakikuguswa.

Chini ya kifuniko, chai ilikuwa inapungua.

Alisikia mikupuo. Alikuwa anaisikia kooni kwake mwenyewe, kila mkupuo baridi, ukishuka kama jiwe la mtoni. Glasi ilipobaki majani matupu, kiti kililia tena. Maji yakachora alama za nyayo mpaka ngazini, mpaka barabarani.

Ndani, kitu kikapasuka. "BABAAA!" Lintang, kwa sauti yake yote. Kisha Ningrum akilia na kucheka pamoja.

Gandung alitaka kuitika naam.

Alifungua mdomo tu, kama yule hua.

Jumamosi waandaaji hawakukubali kuahirisha. Basi wakakubaliana hivi: Ningrum atapanda jukwaani na Gandung pembeni yake, atawaeleza watu, atawaomba wasiitikie kamwe. Lakini mvua ilinyesha, mambo yakachelewa, na walipopanda mbingu ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Ningrum alikuwa bado anahangaika na maikrofoni isiyowaka, fundi wa mitambo akachoka kuzomewa na watu wanaotaka wimbo wao.

Akaubonyeza. Wa saba.

Gandung alikimbia mbele. Akatikisa mikono yote miwili: hapana! Hapana!

Elfu kumi na mbili wakatikisa mikono.

Akapiga magoti. Wa mbele wakapiga magoti, wanacheka, simu juu.

Akapanua mdomo kupiga kelele, mishipa ya shingo ikasimama, na wao wakapanua midomo vile vile. Nani amewahi kuona msanii anajituma namna ile?

Hapo akili ikamwishia. Akaweka kidole mdomoni. Nyamazeni.

Wakakielewa. Vidole elfu kumi na mbili vikapanda midomoni. Uwanja ukanyamaza, mdundo nao ukafika mahali unapokatika, mpaka matone yakasikika yakidondoka kutoka kwenye turubai la jukwaa, na katika ukimya ule, ambao ameutengeneza yeye mwenyewe, sauti nyembamba ikatoka kwenye spika zote kwa pamoja, safi, kama iko begani kwako.

"Monggo..."

Na wote, kwa furaha, wakamjibu.

Jumapili soko la Bantul lilifunguliwa saa zile zile. Wauzaji wakapanga tempe za soya, wakapanga pilipili. Wanunuzi wakaja, wengi kuliko kawaida, wakaulizana bei kwa vidole. Mtu aliyepita pale asubuhi ile anasema ungeweza kumsikia mama mmoja, mwisho kabisa wa soko, akimenya kitunguu.