Barakoa Yenye Dirisha

Kwa miezi saba shule ilifungwa kwa sababu ya korona. Mwalimu wa darasa la kwanza alifundishia jikoni kwake. Aliegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, akawasomesha herufi wanafunzi wachache waliokuwa na simu nyumbani. Wengi hawakuwa nayo.

Hata hivyo, miezi hiyo ilikuwa na raha yake. Mumewe, fundi cherehani, alishonea sebuleni. Binti yao wa miaka mitano waliyempa jina la Chiriku, kwa sababu hachoki kuongea, alihama kutoka paja la huyu kwenda mgongo wa yule. Baba mkwe, mzee mwenye pumu, alikaa kitini akiwatania wote.

"Nyumba hii ina kiwanda, ina shule, na ina redio," alisema. "Tatizo redio haina kitufe cha kuzimia."

Chiriku alijua anasemwa yeye. Akaongeza sauti.

Kisha taarifa ikaja: shule zitafunguliwa Jumatatu.

Mwalimu alifurahi, kisha akaogopa. Alikuwa na hamu na watoto wake arobaini na wanane wa darasani. Lakini alipomtazama mzee akivuta dawa yake ya pumu, hofu ilizidi.

"Nikimletea baba ugonjwa, nitaishi vipi?" alimuuliza mumewe usiku ule.

"Utajiangalia," mumewe akajibu. "Wewe si mtu wa mchezo."

Kweli, hakufanya mchezo. Wiki ya kwanza, kila aliporudi, aliingia kwa mlango wa nyuma. Alinawa mikono kwa dawa ya kusafishia choo mpaka ngozi ikapasuka. Alikula peke yake chumbani. Chiriku alikaa nje ya mlango akimsimulia habari za siku kupitia tundu la ufunguo.

Siku ya nne Chiriku hakuja. Mwalimu alimsikia akimwambia babu yake, "Mama hanitaki tena." Akasukuma sahani kando.

Jumamosi asubuhi alikuwa anaanika nguo uani. Jirani yake, muuguzi wa zahanati, alimwona mikono.

"Dada, umeungua?"

"Nanawa kwa dawa ya choo. Naogopa kumwambukiza mzee."

"Na darasani mnakaaje?"

Mwalimu alisitasita. "Wamebanana, watatu watatu kwenye dawati. Navaa barakoa, lakini naishusha kidevuni. Nafundisha kusoma, dada. Nikisema 'ba', lazima waone midomo inavyofunga."

"Madirisha je?"

"Yamepigiliwa misumari. Tuliogopa wezi."

Muuguzi aliweka beseni lake la nguo chini. "Basi hapa nyumbani umeziba hata tundu la sindano, na darasani umeuachia ugonjwa njia nyeupe."

Mwalimu hakukasirika. Aliona ameambiwa ukweli.

"Nieleze," akasema. "Nianzie wapi?"

"Anzia kwenye hewa. Ugonjwa huu hupita zaidi humo. Mtu akiongea, akiimba au akikohoa, hutoa matone madogo sana. Mengine huelea kama moshi. Chumba kikifungwa, moshi hujaa. Ukifungua madirisha ya pande mbili, hutoka. Watoto wakae mbalimbali. Barakoa ifunike pua na mdomo, maana kidevu hakipumui."

Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Mikono ioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida," muuguzi akaendelea. "Dawa ya choo iachie choo. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, awe mwanafunzi au mwalimu. Na Jumanne tunatoa chanjo pale zahanati. Njoo na mzee, mchanjwe wote wawili."

"Na hapa nyumbani?"

"Ukifika, nawa, badili nguo, kaa na watu wako. Na mzee kaeni barazani penye upepo. Siku ukijisikia vibaya, hapo ndipo ujitenge. Mtoto anakuhitaji, dada."

"Na midomo yangu wataionaje?"

Muuguzi aliinua beseni lake. "Hilo muulize fundi wako."

Fundi aliweka kando kazi za watu, akakata kitambaa tabaka mbili. Katikati akashona kipande cha plastiki angavu. Barakoa ya kwanza ilipwaya mashavuni. Ya pili ilikaa vizuri, lakini mke wake alipoongea, plastiki ikafunga ukungu. Fundi akaipaka tone la sabuni kwa ndani, akaifuta kwa kitambaa kikavu. Ukungu haukurudi. Muuguzi aliikagua pande zote, akasema haina mwanya.

"Mama, naona meno yako," Chiriku akasema, akiwa amekaa pajani pake. Alikaa hapo jioni nzima, na hakuna aliyemwondoa.

Jumatatu Mwalimu alikwenda kwa mwalimu mkuu. Aliomba mambo mawili: misumari itolewe, na darasa ligawanywe makundi mawili, moja la asubuhi na jingine la mchana.

"Utafundisha somo lile lile mara mbili?" mwalimu mkuu akauliza. "Utachoka."

"Nitachoka, lakini watasoma."

"Na wezi?"

"Mume wangu ataweka makomeo kwa ndani. Tutafunga kila jioni."

Mwalimu mkuu aliinuka. Kisha akafungua kabati, akampa nyundo.

Jumanne misumari ilitolewa, na yeye na mzee wakachanjwa zahanati. Jumatano hewa ilipita darasani kutoka upande hadi upande. Madawati yalitengana. Mlangoni palikuwa na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni. Mwalimu alisimama mbele, akasema "ba". Watoto ishirini na wanne waliangalia midomo yake kupitia dirisha dogo la plastiki, wakaitika pamoja. Zamu ya kuimba ilipofika, aliwatoa uwanjani.

Wiki ya tano jambo alilolihofia likatokea. Msichana mmoja alikuja shuleni akiwa na homa. Mwalimu alimkalisha nje kivulini, akamwita mama yake. Vipimo vikaonyesha ni korona.

Mwalimu hakurudia kuingia kwa mlango wa nyuma kwa woga. Safari hii alijua la kufanya. Alilifungia kundi lile masomo kwa siku walizoshauriwa na zahanati. Naye alibaki nyumbani, mwalimu mkuu akimshikia kundi jingine. Alilala chumba cha peke yake, akavaa barakoa hata nyumbani, akapimwa. Alimweleza Chiriku kila kitu. "Nakutaka sana," alimwambia. "Ndiyo maana nakaa mbali siku hizi chache."

"Chache ni ngapi?" Chiriku akauliza, akazihesabu kwa vidole.

Majibu yalitoka: Mwalimu hakuwa na ugonjwa. Watoto wengine wa kundi lile nao walikuwa wazima. Msichana alipona, akarudi dawatini kwake. Mzee hakukohoa zaidi ya alivyozoea.

Mwisho wa muhula wazazi walialikwa uwanjani kuwasikiliza watoto wakisoma. Walikaa mbalimbali, kila mtu na barakoa yake. Mzee alikuja na mwanawe na Chiriku. Mtoto mmoja baada ya mwingine alisimama, akafungua kitabu, akasoma sentensi nzima. Wa mwisho alikuwa yule msichana. Alisoma kurasa mbili bila kukosea, kisha akakataa kukaa mpaka asome ya tatu.

Mzazi mmoja alimwinamia mzee. "Wangu alikuwa hajui hata herufi," akasema. "Mwalimu wao ni yupi?"

Mzee alisimama, akajinyoosha kama anayeapishwa.

"Yule pale," akasema, kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. "Binti yangu."

Mwalimu alisikia. Aligeuka, na watu wote uwanjani wakaliona tabasamu lake.