Springi ya Kulia

Springi ya kushoto haikutolewa, ilitoka yenyewe. Mshonaji alilegeza jeki kwa pupa, ekseli ikashuka ghafla, na koili ile ya chuma ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Ilimpita sikioni, ikapasua ndoo ya maji, ikagonga ukuta wa mabati, kisha ikarudi na kumpiga Mfupa, kaka wa mkewe, mdomoni.

Mfupa aliinama, akatema damu, akatema na jino. Akaligeuza kiganjani kama anayekagua bidhaa.

"Shemeji," akasema, "gari hili lina akili kukuzidi."

"Nilikwambia usikae mbele yake."

"Uliniambia nikiwa nimeshapigwa."

Kibanda cha nyuma ya jikoni walimokuwa kilikuwa na joto la tanuri, na nje mawingu yalishaziba jua. Gari lilikuwa la marehemu baba yake Mfupa, lililoachiwa dada yake, mke wa mshonaji. Lilikuwa zee, springi za nyuma zimechoka, mkia unaburuta. Mafundi wa gereji wangelimaliza kwa asubuhi moja, lakini Mfupa, ambaye huuza nyama na hupenda sana kusikia sauti yake mwenyewe, alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima kwamba dada yake kaolewa na mwanamume wa kazi ya kukaa. Mshonaji aliyameza maneno yale, yakamkwama. Ndiyo maana leo alikuwa chini ya gari, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mfupa alikuja kumcheka tu, akajikuta ameshikishwa spana.

Springi ya kulia ilikataa katakata. Walifungua shokapu, wakashusha ekseli mpaka mwisho, haikutikisika. Kutu ilikuwa imegandisha mpira wa juu na kikombe chake. Mshonaji aliipiga nyundo mpaka mpini ukapasuka. Mfupa aliipiga teke, akaitukana, akaipiga tena. Vumbi la kutu liliwaingia machoni. Ndipo mvua ikaanza, si ya kunyunyiza, bali ile inayopiga bati hadi mtu hasikii mawazo yake.

"Lete bomba!" mshonaji alipiga kelele.

Mfupa alipitisha bomba refu la chuma juu ya ekseli, ncha yake akaikwamisha chini ya bodi, akalalia mwisho wake kwa kifua. Ekseli ikalia, ikashuka. Juu ya springi ukafunguka mwanya. Mshonaji, badala ya kuingiza bisibisi, aliingiza mkono.

Gari lilikuwa limekalia magogo mawili. Maji yalikuwa yakipita chini ya ukuta kimyakimya, yakilainisha udongo, na hakuna aliyeyaangalia. Gogo la kulia likazama. Bodi ikainama kwa mlio mrefu, springi ikafunga mdomo.

Mshonaji hakupiga kelele mara moja. Alitazama vidole vyake vinne vya mkono wa kulia vilivyomezwa hadi kwenye maungio, kisha akapiga ukelele ambao hata mvua haikuuzima.

"Usiachie!" akasema alipopata pumzi. "Ukiachia bomba, vimekatika."

"Siachii. Toa mkono."

"Hautoki. Ongeza nguvu."

"Nguvu ndiyo hii, hakuna nyingine dukani."

Hapo wakaelewa walipo. Mmoja ameshikwa na springi, mwingine ameshikwa na bomba. Jeki ilikuwa imeanguka upande wa pili, zaidi ya urefu wa mkono. Simu zote mbili zilikuwa jikoni. Mke wa mshonaji alikuwa kwa jirani, na katika mvua ile hata ukiungua moto nani atakusikia? Gogo lilizidi kuzama. Drumu ya breki ilikuwa karibu kugusa matope, na ikigusa, uzito wote wa gari ungekalia vile vidole.

Mshonaji alivua tepu kwa mkono wa kushoto, akafunga kitanzi kwa meno, akakitupa kuelekea jeki. Kikapita. Akatupa tena, kikanasa. Alivuta taratibu, jeki ikasogea, ikasogea tena, ikamfikia ubavuni. Tepu ikakatika vipande viwili papo hapo. Akajaribu kuisimamisha jeki chini ya bodi, lakini kwa mkono mmoja na kwa pembe ile mbaya ilikuwa ikianguka kila mara. Alilia kwa hasira, waziwazi, kamasi zikichanganyika na matope.

"Shemeji," Mfupa akasema. Mikono yake ilikuwa inateleza kwa damu ya mdomo wake mwenyewe. "Kisu ninacho kiunoni. Nitakiangusha, nikusukumie kwa mguu. Bora vidole kuliko mkono mzima."

"Hapana."

"Najua maungio yalipo. Nitakuelekeza, ukate safi."

"Vidole hivi ndivyo vinavyomlisha dada yako!" mshonaji akamfokea. "Unasikia? Hivi hivi. Kazi ya kukaa. Ukivigusa, bora uniue kabisa."

Mfupa akakiacha kisu. Bomba lilikuwa linamponyoka, na aliona aibu, aibu halisi, ya kwanza tangu utotoni. Akapiga moyo konde. Bila kuachia bomba, alijilaza chali kwenye maji, akajisukuma chini ya gari, akapachika kisigino kimoja juu ya ekseli, kisha cha pili, mabega yameegemea gogo. Miguu iliyozoea kubeba nyama ya ng'ombe mzima ilinyooka kwa mkupuo mmoja. Akanguruma. Chuma kikalia. Kitu kikapasuka kule juu, mpira ukang'oka kwenye kutu.

"Sasa!"

Mshonaji akauvuta mkono, ukatoka, ukiwa mwekundu na mweupe na rangi nyingine asizozijua. Gogo likang'oka chini ya mabega ya Mfupa. Gari likaanguka. Mfupa aliwahi kuvuta mguu mmoja. Wa pili ulibaki kati ya ekseli na bodi, na mfupa wake ukalia kama kuni kavu.

Mshonaji akaikamata jeki. Aliweka ubao chini yake, akaipiga goti isimame, akazungusha mpini kwa mkono wa kushoto, na uliposhindwa akaongeza meno. Bodi ikainuka kidogo. Akamshika Mfupa kwapani, akamburuta hadi kwenye mvua.

Walilala pale, mmoja juu ya mwenzake, midomo wazi, wakinywa maji ya mbinguni. Springi ya kulia ilikuwa imeanguka yenyewe, imelala matopeni kama isiyohusika.

Mke wa mshonaji aliwakuta hivyo. Alimtazama mume, akamtazama kaka, akaitazama springi.

"Imetoka?" akauliza, kabla hajakimbia kuita watu.

"Imetoka," wakajibu pamoja.

Vidole havikukatwa. Kimoja tu hakikunjiki tena. Mfupa alifungwa plasta hadi gotini, akahamia kwa dada yake, maana ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini. Suruali zake zote zikakataa kupita kwenye plasta.

Cherehani ya nyumba ile huzungushwa kwa mkono, mkono wa kulia, na wa mshonaji ulikuwa bado umefungwa bendeji. Basi Mfupa aliketi kwenye stuli, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyopasuka, akashika mpini wa cherehani. Mshonaji aliongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto: suruali ya mguu mmoja wa kawaida na mmoja mpana kama gunia.

"Polepole, shemeji. Hupasui mbavu."

Mfupa akapunguza mwendo. Baada ya kipande kirefu cha mshono alijifuta jasho la usoni.

"Kumbe mgongo unauma hivi," akasema.

"Zungusha," mshonaji akasema, na wakaendelea kushona.