Daraja la Tundu la Tisa

"Dakika sita," redio ya Motorola ilikoroma kwa sauti ya mkuu wake. "Orodha ikitoka, Aneth amekwisha."

"Nimesikia, mzee."

Nikodemo alipanda ngazi mbili mbili. Jumamosi, Septemba 2001. Jengo la idara ya usalama mjini Dodoma lilikuwa tupu.

Aneth alikuwa karani wa kijiji cha Kolo, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watoa habari wa siri. Ndiye aliyewataja wezi wa vito, na Nikodemo ndiye aliyemshawishi aseme. Kwa miaka minne, huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kumuuliza jasusi huyu kama amekula.

Teke moja. Mlango ukafunguka.

Swichi, kisanduku kilichounganisha kompyuta zote za jengo, ilifungiwa kwenye kabati la chuma. Waya haukushikika. Ilibaki kuiamuru. Alichomeka kompyuta yake ndogo ya Compaq kwenye tundu la ukutani, nje ya kabati, akaingiza nywila aliyopewa na mkuu wake, mzee Bartolomayo.

Kioo cheusi. Herufi nyeupe.

Msaliti fulani wa humo idarani alikuwa ameyaunganisha matundu mawili ya swichi. La tatu lilikwenda kwenye kompyuta ya siri yenye orodha, inayojiwasha saa tisa alasiri. La tisa lilipita darini hadi nyumba ya wageni ya jirani, walikokaa wageni wawili kutoka nje ya nchi waliokuja kuinunua orodha. Hilo ndilo daraja lao.

Nikodemo aliandika amri ya kuvunja daraja: *no bridge-group 1*. Tundu la tatu. Kisha la tisa. Vidole vyake vilitambaa tena kwenye vibonye.

"Acha hapo, kaka."

Ludovick, fundi wa mitandao, alisimama mlangoni. Mkono mmoja bastola, mwingine kwenye swichi kuu ya umeme.

"Umelifuta, sawa," alicheka. "Lakini mimi nililihifadhi. Umeme ukikatika ukarudi, daraja linarudi. Hayo nimeyasomea Ulaya."

Akazima.

Feni zikanyamaza. Akawasha. Taa za swichi zikapepesa moja moja. Ludovick akachungulia kioo.

Daraja halikuwepo.

"Nimekulia Dodoma, bwana," Nikodemo alisema. "Kwa mgao huu wa umeme, nani anaandika mstari bila kuhifadhi?"

Ngumi moja ilitosha. Bastola ikaanguka, pingu zikalia.

"Daraja limevunjwa, mzee. Aneth yuko salama."

Redio ilikoroma. "Wageni wametoroka. Wamekuona dirishani, sura yako wanaijua. Atakayekuchangamkia, watamfuata. Umenielewa, mwanangu?"

Alielewa. Iliuma kuliko risasi.

Siku ya tatu, sokoni, mwanamke mwenye kikapu cha zabibu alisimama ghafla, uso umemchanua.

"Kaka Niko! Jamani, za siku nyingi?"

Nikodemo alitamani kumjibu. Ng'ambo ya barabara, mtu mwenye miwani myeusi alikunja gazeti.

"Umenifananisha, dada."

Tabasamu la Aneth likafifia. Nikodemo aliweka mikono mifukoni, akavuka barabara polepole, akapotea kwenye umati.