Mfupa Ulioota Begani kwa Mama Mkwe

Nina miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, mkazi wa Buswelu hapa Mwanza. Niliolewa nikitokea Mara, kwa watu ambao mpaka leo wananiita mgeni...

Mama mkwe wangu aliteleza kwenye mawe ya ziwani kule Kigongo, akavunjika bega. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma, kisha akaletwa kwangu. Nani mwingine angemuuguza? Wifi yangu alisema ana biashara. Nikamwogesha, nikamvalisha, nikamlisha.

Kidonda kilipona vizuri, lakini mkono ukagoma kupanda. Ndani ya nyama ya bega kukaota kitu kigumu. Ukikigusa unahisi mfupa, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mfupa.

Wifi alikigusa, kisha akanitazama mimi... Alimchukua mume wangu wakaenda kwa mganga, kuku akapasuliwa ili kupiga ramli. Mganga akasoma bawa, akadai mama ametupiwa mfupa kichawi na mkono unaompa maji ya kuoga.

Mkono huo ulikuwa wa nani kama si wangu?

Tangu hapo biashara ya wifi ikasahaulika, akahamia kwangu kunichunga. Maji niliyochemsha yalimwagwa. Mume wangu alipekua begi langu nikiwa namwangalia. Kilichoniumiza zaidi, mama mwenyewe alinyamaza. Mwishowe nikaambiwa nirudi kwetu, watoto wabaki. Jamani, nililia njia nzima.

Bega liliendelea kukakamaa, wakamrudisha hospitali. Picha ikapigwa. Daktari akamwonyesha mume wangu mfupa mpya, akamweleza kuwa baada ya kuvunjika na kupasuliwa, wakati mwingine mwili wenyewe hujenga mfupa ndani ya nyama. Hakuna aliyeutupa. Haya alinisimulia yeye mwenyewe alipokuja kunifuata, macho chini.

“Nisamehe, mama Neema,” alisema. “Yule kuku ndiye aliyenichanganya.”

Kuku! Baada ya miaka yote ya ndoa yetu, neno langu lilishindwa na bawa la kuku...

Nimerudi kwa ajili ya watoto. Ndugu zangu mnaosoma, mgonjwa wenu akiota kitu kigumu mwilini baada ya upasuaji, mrudisheni kwa daktari apigwe picha kabla hamjamnyooshea mtu kidole. Mkichelewa, bega linaweza kutibiwa, lakini nyumba je?

Mama mkwe bado ananiita nimwogeshe. Namwogesha. Lakini kwanza namwita jirani asimame mlangoni, anitazame ninavyomimina maji.